Mbuzi Mwenye Sauti ya Mama

Mdogo wangu Patrisi ana sauti kumi na nne, na ya kwake mwenyewe ndiyo mbaya kuliko zote. Nalisema hili kama dada yake niliyemwogesha, si kama mtu mwenye wivu. Ukimwita kutoka barabarani atakuitikia kwa kisauti kikavu cha mtu aliyekabwa na ukoko wa ugali, utadhani anaomba radhi kwa kuwepo. Lakini mpe kipaza sauti, mzimie taa, mwashie televisheni: atakuwa jenerali, atakuwa bibi harusi, atakuwa mbwa mwenye mafua, na ukimwomba atakuwa hata mvua.

Ndiyo kazi yake. Ana kibanda umiza hapa Karatu mjini, nyuma ya gereji ya magari ya watalii: mabenchi kumi na mawili na televisheni bapa aliyoipata kwa mtu, yenye mstari wa zambarau pembeni ambao sote tumeshauzoea. Jioni ni mpira. Jumamosi mchana ni katuni za watoto, naye huzitafsiri papo kwa papo, kwa sababu zinaongea Kiingereza cha haraka ambacho hata yeye hakielewi vizuri. Asichokielewa anakitunga. Mimi hukaa mlangoni na beseni langu la karanga, nikiamua ugomvi wa benchi la mbele.

Katika katuni zote, moja ndiyo iliyompa jina. Sijui wenyewe wanaiitaje, sisi tunaiita ya kengele. Binti wa mfalme, mweupe kama unga wa sembe, nywele za njano mpaka kiunoni, anapanda mlima kurudisha kengele za mji wao zilizoibwa. Mwizi ni jitu la masizi, jeusi tii, midomo minene, macho mekundu. Ndiye mweusi pekee katika filamu nzima. Binti anasindikizwa na mbuzi jike mwenye ndevu, ambaye kazi yake ni kubeba mizigo, kuanguka na kulalamika.

Sasa sikia Patrisi alivyogawa sauti. Binti mfalme alimpa Kiswahili cha Dar, cha wasoma taarifa ya habari, kila neno limepigwa pasi. Jitu la masizi akalipa lafudhi ya Kimasai. Mbuzi akampa sauti ya mama yetu.

Sisemi sauti inayofanana na ya mama yetu. Nasema ya mama yetu hasa, Mwiraqw wa kijiji cha Kansay aliyejifunza Kiswahili ukubwani, kanisani na mnadani, anayeyatoa maneno chini kabisa kooni na kumaliza kila jambo kwa pumzi ndefu, "haaya", kama mtu aliyetua debe la maji. Patrisi akampa mbuzi yule jina la Mama Kansay. Mbuzi akianguka anasema "haaya", na watoto wanajigaragaza chini. Mimi nami, mtoto wa kwanza wa mama huyo, nilicheka mpaka karanga zikamwagika. Nilicheka hivyo miaka mitatu. Nataka hilo lijulikane mapema, kwa sababu huko mbele nitajifanya mwenye busara.

Aliyewahi kulalamika ni mmoja tu, Tajewo, dereva wa watalii kutoka Endulen, ambaye gari lake hukaa gereji kuliko linavyokaa porini. Alikuwa akisimama mlangoni pangu na binti yake Naisula, akichota karanga bila kuombwa.

"Dada Dorkasi, huyo mwizi mbona anaongea kama baba yangu mzazi?"

"Muulize Patrisi."

"Sisi tuibe kengele? Kengele tunazo miaka yote, tunawafunga ng'ombe! Angesema nimeiba helikopta ningemwelewa."

Patrisi alimjibu palepale kwenye kipaza sauti, kwa lafudhi ileile, na watoto wakacheka upya. Tajewo akacheka pia. Lakini nilimwona, kabla ya kucheka, akimwangalia kwanza Naisula.

Januari tukamleta Leonida mjini. Leonida ni binti ya Patrisi, ana miaka minane. Mama yake anafanya kazi ya hoteli Arusha, kwa hiyo mtoto alilelewa Kansay na bibi yake, anayemwita Aama kwa Kiiraqw, kama sisi tulivyomwita bibi yetu. Baba yake alitaka asome darasa la pili hapa mjini. Aliteremka kwenye bodaboda na kuku kwapani, akaja moja kwa moja mlangoni pangu.

"Shikamoo shangazi. Huyu kuku amechoka na safari, apewe maji kwanza, haaya."

Nilisahau kuitikia marahaba. Alikuwa mama yangu mtupu, amepunguzwa urefu. Patrisi naye alisikia. Aliangalia pembeni, akaanza kumsifu kuku.

Siku ya pili shuleni Leonida alisimamishwa asome. Anasoma vizuri, tena kwa sauti kubwa, kwa sababu Aama wake sikio la kushoto limekufa na la kulia linataka kubembelezwa. Hakumaliza mstari wa kwanza. "Mama Kansay!" akapayuka mmoja, na darasa likaangua kicheko. Basi likawa ndilo jina lake, njiani, bombani, mpaka kwenye foleni ya uji.

Hakulia. Afadhali angelia, kulia tunakujua. Alinyamaza. Shuleni hakufungua mdomo tena, na nyumbani akawa ananong'ona, tena kwa kubana pua, akikijaribu kile Kiswahili cha kupigwa pasi. "Shangazi, naomba chumvi, tafadhali." Tafadhali! Kwetu chumvi inaombwa kwa kunyoosha mkono.

Kisha ikaja habari ya siku ya wazazi. Mwalimu wao, Lilian, binti mwema na mchangamfu, alitaka darasa liigize katuni ya kengele, kwa kuwa watoto wote wanaijua. Leonida anaijua kuliko wote, maneno yote, mpaka kikohozi cha mfalme. Akanyoosha mkono, mara ya kwanza tangu Januari, akaomba kwa kunong'ona awe binti mfalme.

"Binti mfalme mweusi umemwona wapi?" mtoto mmoja akamwuliza.

Halikuwa swali la uchokozi. Kweli hakuna aliyewahi kumwona. Mwalimu Lilian akampa nafasi hiyo Eva, mtoto wa maji ya kunde mwenye nywele za kuweza kusukwa mpaka mabegani. Leonida akapewa mbuzi. "Utafaa sana mpenzi," mwalimu akamwambia, kwa upendo kabisa, "hata sauti unayo."

Haya nilisimuliwa na Naisula, ambaye anasoma naye. Leonida mwenyewe hakusema neno. Jioni ile nilikuwa nachambua maharage, akaja akaketi karibu yangu, akachambua na yeye. Tulifika nusu ya ungo ndipo akaninong'oneza.

"Shangazi, nikinyamaza mpaka darasa la saba, nitakuwa nimeisahau?"

"Utaisahau nini, mama?"

"Sauti ya Aama."

Iliniuma. Iliniuma mpaka nikashindwa kuona lipi haragwe na lipi jiwe. Niseme na langu sasa. Nilipokuwa na miaka kumi na tisa nilinunua mkorogo mnadani, nikajipaka uso miezi minne, mpaka mashavu yakawa mekundu na vidole vikabaki vyeusi vilevile. Hakuna aliyenilazimisha. Niliona kalenda, nikaona picha za wanawake weupe kwenye maboksi ya sabuni, nikaelewa bila kuambiwa. Sasa huyu wa miaka minane naye alikuwa ameelewa bila kuambiwa. Tofauti ni kwamba mimi sikumjua aliyetengeneza kalenda, lakini kwake yeye, aliyeshika kipaza sauti alikuwa baba yake.

Nilimfuata Patrisi kibandani, nikamkuta anaunga waya. Nikamweleza yote. Akawaka.

"Mimi ndiye niliyechora? Walaumu wazungu, dada! Wao ndio wamemfanya binti mweupe na jitu jeusi. Mimi natafsiri tu."

"Na huyo mbuzi wa Kansay, wazungu ndio waliompandisha basi?"

Akajikuna kidevu. Akaangalia waya kama vile jibu limo ndani yake.

"Watu wanapenda," akasema.

"Hata mimi napenda. Ndiyo maana nimekuja kukwambia wewe na si polisi."

Patrisi si mtu mbaya. Ni mtu wa kutokea mlango wa karibu, hata kama ni dirisha. Jumamosi iliyofuata alisimama mbele ya watoto kabla ya kuanza, Leonida akiwa benchi la mwisho, akatangaza kwa sauti yake ya jenerali.

"Watazamaji wapendwa! Televisheni hii inaumwa. Mnauona mstari huu wa zambarau? Ndio unaokula rangi. Kwa kweli kabisa, binti mfalme ni mweusi. Mweusi kama Leonida wangu pale nyuma!"

Watoto wakageuka kumtazama Leonida, wakageuka kutazama skrini. Kwa muda mfupi hata mimi niliamini, na nikauona uso wa yule mtoto ukinyanyuka kidogo. Kisha Naisula akanyoosha mkono.

"Anko, mbona nyasi ni za kijani?"

"Eeh?"

"Televisheni imekula rangi, lakini nyasi ni za kijani. Na maua ni mekundu. Na jitu ni jeusi. Imekula rangi ya binti peke yake?"

Tajewo alipaliwa na karanga zangu, nikampiga mgongoni, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika. Patrisi alifungua mdomo, na katika sauti zote kumi na nne hakupata ya kumjibu mtoto wa darasa la pili. Akawasha filamu. Mbuzi akaanguka, haaya, wakacheka. Leonida alikuwa ameinama, paji la uso limegusa magoti.

Jumamosi ya pili yake iliangukia siku ya mnada, na mama yetu akaja kutoka Kansay kuuza jogoo wawili. Saa saba alikuwa ameshawauza, amekunywa soda, na hataki kurudi.

"Miaka yote naambiwa Patrisi ana kazi," akasema. "Leo nataka kuiona."

"Mama, mle ndani ni giza. Na kelele nyingi."

"Kelele zikae upande wa kushoto."

Akaingia na kitenge chake kizuri, akaketi benchi la tatu. Leonida akamkimbilia, akakaa upande wa sikio linalosikia. Patrisi alipomwona, jasho lilimtoka palepale na feni inazunguka. Akatangaza harakaharaka kwamba leo ni katuni ya samaki. Watoto wakaanza kupiga miguu chini: "Ya ke-nge-le! Ya ke-nge-le!" Vumbi likapanda.

"Patrisi, wape watoto wanachotaka," Mama akasema. Katika maisha yake Patrisi hajawahi kumkatalia Mama kwa mdomo, huwa anamkatalia kwa kuchelewa, na siku ile hakuwa na pa kuchelewea.

Ikaanza ya kengele. Binti mfalme akaongea taarifa ya habari yake, na Mama akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama anavyomsikiliza padri mgeni. Jitu la masizi likaiba kengele likinguruma tu, bila lafudhi yoyote, na Tajewo mlangoni akaniangalia kwa mshangao. Kisha mbuzi akatoka zizini, akafungua mdomo.

Hakikutoka kitu. Akaufunga, akaufungua tena. Ndevu zilitikisika, ulimi ulionekana, na kipaza sauti kilikuwa kimya mkononi mwa ndugu yangu.

"Mama Kansay! Ongea!" watoto wakaanza kupiga kelele. "Mama Kansay! Mama Kansay!"

Mama yangu ni mtu wa adabu. Akiitwa anaitika. Na ni mama, na ni wa Kansay. Akainuka taratibu, akatengeneza kitenge, akasema kwa uchangamfu, "Bee, wajukuu zangu! Hamjambo nyote? Nimefika salama, haaya."

Watoto wote waligeuka. Kwenye skrini mbuzi alikuwa anafumbua mdomo kimyakimya, na sauti yake ilikuwa inatoka benchi la tatu. Mmoja akacheka, kile kicheko cha kutokuamini. Wakacheka kumi. Wakacheka wote, mpaka mabati yakaitikia. Na Mama akatabasamu nao, akidhani amependwa. Hapo ndipo nilipoona haya ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe, na mkorogo ukiwemo.

Alitabasamu kwa muda. Kisha tabasamu likaanza kutafuta sababu, lisiione. Akamwinamia Leonida.

"Wanacheka nini?"

Leonida akanong'ona kitu, kwa kubana pua, kama alivyozoea.

"Sisikii."

Akanong'ona tena. Mama akatikisa kichwa, akagonga sikio lake la kulia kwa kidole. Wala hakuna mwingine aliyekuwa tayari kumjibu, si mimi mlangoni, si Patrisi kwenye kipaza sauti chake. Mtoto akatutazama mmoja mmoja, akaona tumenyamaza watu wazima wote. Akapanda juu ya benchi, akavuta pumzi, akasema kwa sauti yake yote, ileile ya kooni, iliyokuwa haijasikika tangu Januari.

"Aama, wanacheka kwa sababu mbuzi anaongea kama wewe! Baba ndiye anayemwongelesha. Na mimi naongea kama wewe, shuleni wananiita mbuzi, haaya!"

Hakuna aliyecheka hiyo haaya. Mama akaketi. Akaitazama skrini kwa makini sana, kama anavyotazama ng'ombe wa mtu mnadani.

"Mbuzi ni yule?"

"Yule."

"Anafanya nini?"

"Anabeba mizigo, Aama."

"Ya nani?"

"Ya yule binti."

"Na binti anafanya nini?"

"Anaimba."

Mama akafikiri. Kisha akaita, "Patrisi."

"Naam, Mama." Alikuwa amesahau kuzima kipaza sauti, kwa hiyo gereji nzima ilisikia.

"Sauti niliyokuitia chakula miaka yote ile, umempa mbuzi?"

Patrisi akakiangalia kipaza sauti kama kitu alichokiokota.

"Sina neno," Mama akasema. "Mbuzi ni mnyama mzuri, anakula chochote. Lakini leo sauti yangu mpe huyo binti. Mbuzi mpe ya kwako."

"Mama," Patrisi akasema kwa upole, na nadhani alisema kweli kama fundi anavyosema kweli, "binti mwenyewe humwoni alivyo? Ule uso ule, na zile nywele. Sauti yako haitakaa pale."

"Kwenye mbuzi ilikaa?"

Patrisi alipangusa uso kwa kiganja. Nilimwona akimtazama Leonida, aliyekuwa bado amesimama juu ya benchi, na nikaona amemwona, si kama siku ile ya kumsifu kuku. Akachukua rimoti, akairudisha filamu mwanzo.

Binti mfalme akatoka mlango wa kasri, nywele za njano zikipepea, akasema kwa sauti ya Kansay, "Mmeamkaje humu ndani? Nasikia kengele hazipo, haaya." Watoto walicheka, ndiyo. Wakacheka na la pili. Lakini walipofika mlimani, upepo unavuma na theluji inapiga, binti akasimama mbele ya mwamba akasema, "Wewe mlima, sogea. Nimebeba maji kutoka mbali kuliko hapa. Nikikaa chini nitakaa kwa kutaka mwenyewe, haaya," hakukuwa na wa kucheka. Wapo waliosema ile haaya pamoja naye, kwa chini, wamekunja ngumi. Mbuzi alilalamika kwa kile kisauti kikavu cha Patrisi mwenyewe, na hajawahi kuchekesha vile.

"Na mwizi?" Tajewo akauliza kutoka mlangoni. "Mwizi anatoka wapi leo?"

Mwizi akapewa Kiswahili cha taarifa ya habari. Nisiseme uongo, kilimkaa.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, Mama ametangulia na Leonida kamshika mkono. Njiani mtoto akanigeukia. Hakunong'ona.

"Shangazi, lakini bado ni mweupe."

"Bado."

"Na jitu bado ni jeusi."

"Ndiyo. Sauti, baba yako anaweza kuibadilisha. Sura walichora watu wengine, wakachora ya watoto wao."

Akatembea kidogo akiwaza, anapiga kokoto kwa kiatu.

"Basi sura nitapeleka ya kwangu," akasema.

Jumatatu akaenda mwenyewe kwa mwalimu. Mwalimu Lilian alinisimulia baadaye, anaficha uso kwa madaftari. Anasema alianza kumwambia, "Lakini Leonida, binti mfalme ni..." kisha akashindwa kulimalizia hilo neno mbele ya mtoto. Akaamua wanaotaka nafasi hiyo waseme maneno ya mlimani bila karatasi. Eva alisema mistari miwili mizuri, akasahau. Leonida aliyasema yote, kwa Kikansay chake, na aliposema "sogea", kuna waliosogea. Eva alilia mpaka alipoonyeshwa pembe za mbuzi, za maboksi, zimefungwa karatasi ya kung'aa. Sasa hataki kuzivua hata wakati wa hesabu.

Siku ya wazazi tulikaa mstari wa mbele, mimi, Patrisi na Mama, Tajewo nyuma yetu amevaa shuka jekundu juu ya sare ya kazi. Nilikuwa na wasiwasi. Wazazi wengi pale walikuwa wameiona ya kengele kibandani, na nyuma yangu nilisikia mmoja akimwambia mwenzake, "Subiri binti mfalme, ni mweupe huyo!" Nikashika kiti.

Pazia la shuka likavutwa. Leonida akatoka, mweusi kama alivyozaliwa, amesukwa twende kilioni na mkono wangu mwenyewe, taji la majani ya mkahawa kichwani. Akasimama katikati. Wazazi wakamtafuta binti mfalme nyuma yake. Yeye akasubiri, hana haraka, mpaka macho yote yakarudi kwake. Akafumbua mdomo.

Lakini kabla hajasema, Naisula, aliyekuwa amejibanza pembeni akisubiri zamu yake ya kupiga kengele, alishindwa kujizuia. Akaruka juu, akapiga kelele mpaka shule ya pili wakasikia.

"Anko Patrisi! Televisheni imepona!"

Darasa zima likashangilia. Wazazi hawakuelewa kitu, wakapiga makofi wakifuata watoto. Patrisi alicheka, kisha nikaona anatumia leso, na haikuwa kwa ajili ya kicheko.

Mama akanisogezea sikio la kulia. "Anasema nini huyo mtoto?"

"Anasema televisheni imepona, Mama."

"Kwani ilikuwa inaumwa?"

"Ilikuwa inaumwa," nikamwambia. "Siku nyingi sana."

"Haaya," akasema Mama, na akageuka kumsikiliza mjukuu wake.